Bastola ndogo ya akiba: nani anaihitaji, na hukumu yake ni ipi?

 

SWALI: Kijana wetu kutoka Pemba anafanya biashara ya mchele na viazi katika soko la Soweto, jijini Mbeya. Anasema anayo bastola moja anayoimiliki kwa leseni, kwa sababu hutembea na fedha nyingi. Sasa wenzake wanamshauri anunue ya pili, ndogo, ya kufichwa mfukoni au kifundoni mwa mguu, iwe akiba endapo ya kwanza itakwama au atanyang'anywa. Anauliza: jambo hili linafaa katika dini yetu? Na kama linafaa, achague bastola ya namna gani? Ameongeza kuwa mkewe na watoto wako Wete, naye huja nyumbani kila baada ya miezi michache.

JIBU: Tunamshukuru kijana wetu kwa kuuliza kabla ya kununua. Jibu letu kwa ufupi ni hili: kumiliki silaha kwa ajili ya kujihami ni jambo la halali kwa masharti, na ya pili haiharamiki kwa kuwa ni ya pili. Lakini kwa mtu mwenye hali kama yake, madhara ya bastola ndogo ya kuficha ni makubwa kuliko manufaa yake, na hatumshauri ainunue. Tunaeleza sababu zetu kwa urefu kidogo, kwani wapo wengi wanaojiuliza swali hili kimoyomoyo.

Kwa nini swali hili linatuhusu visiwani

Soweto tunayoizungumzia ni mtaa na soko la Mbeya, si ile ya Afrika Kusini. Mchele unaoitwa "wa Mbeya" katika maduka ya Darajani na Mwanakwerekwe hulimwa Kyela na katika bonde la Usangu, na watu wetu huufuata huko huko. Biashara hiyo kwa kiasi kikubwa bado inaendeshwa kwa fedha taslimu: mkulima anataka ahesabiwe noti mkononi, mpakizi anataka chake, dereva anataka chake. Mfanyabiashara mgeni, asiye na ukoo mjini, akiwa na fedha kiunoni alfajiri wakati malori yanapakiwa, ana haki ya kuwa na khofu. Hatuidharau khofu hiyo. Kinachotafutwa ni dawa yake.

Asili ya kujihami

Uislamu haumwamrishi mtu ajitoe kwa mwizi. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) afanye nini akijiwa na anayetaka kumchukulia mali yake. Akaambiwa asimpe, na akipigwa vita, naye apigane, na akiuawa, yeye ni shahidi. Bukhari na Muslim pia wamepokea kwamba anayeuawa akiilinda mali yake ni shahidi.

Wapo wanaosimama hapa na kusema: basi, tununue. Lakini wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi hawakusimama hapo. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu za pwani toka zama za mababu, ameliwekea jambo hili mpango katika mlango wa kumzuia mshambuliaji. Maana ya maneno yake ni kuwa mshambuliaji huzuiwa kwa jambo jepesi zaidi linalotosha. Akizuilika kwa maneno au kwa kupiga ukelele wa kuomba msaada, ni haramu kumpiga. Akizuilika kwa mkono, ni haramu kutumia mjeledi. Kwa mjeledi, ni haramu fimbo. Na ikitosha kumjeruhi kiungo, ni haramu kumuua. Kisha akasema kwamba mtu akiweza kukimbia, kauli ya madhehebu ni kuwa kukimbia ni wajibu na kupigana ni haramu. Tena amebainisha kwamba si wajibu kupigana kwa ajili ya mali. Wajibu upo pale inapovunjwa heshima ya mwanamke.

Tuyazingatie mambo mawili hapa. La kwanza, kutoa fedha ili uokoe roho yako si dhambi wala si woga. La pili, ngazi ya kumzuia mwizi ina vidaraja vingi, na bastola iko juu kabisa. Ikiwa mtu ameshika bastola mbili na hana kitu kingine chochote, yeye amenunua kidaraja cha mwisho mara mbili, na vile vya chini yake hana hata kimoja.

Akiba hii imetoka wapi

Desturi ya kubeba bastola ndogo ya pili imeenezwa zaidi na maaskari polisi wa nchi kama Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya Ulaya vilikwisha kuuza bastola za kutosha kiganjani, na mwaka 1950 kampuni ya Smith & Wesson ikaleta rivolva fupi ya risasi 5 iliyoitwa Chiefs Special. Askari aliifunga kifundoni au akaitia mfukoni, kwa sababu bastola kubwa iliyo kiunoni inaweza kukwama, kuisha risasi au kunyakuliwa katika vurumai.

Sababu hiyo ina maana kwa askari. Kazi yake ni kumwendea mhalifu, na hana ruhusa ya kukimbia. Mfanyabiashara wa viazi hali yake ni kinyume: yeye, kwa mujibu wa fiqhi tuliyoitaja, akipata njia ya kukimbia anatakiwa akimbie. Anayefikiria risasi za bastola ya kwanza zitakapokwisha afanye nini, tayari amejiweka moyoni mwake kuwa atasimama apigane kama askari. Hapo ndipo tunapoona khatari ya silaha hii ya pili. Inambadilisha mtu nia kabla hajakutana na mwizi.

Huenda mtu akasema: Mtume (S.A.W.) alivaa deraya mbili siku ya Uhud, moja juu ya nyingine, kama alivyopokea Abu Dawud, na hiyo si ni akiba? Tunasema ndiyo, kuchukua tahadhari maradufu ni Sunna na wala hakupingani na kutawakali. Lakini deraya humlinda aliyeivaa na haimdhuru jirani. Risasi haina sifa hiyo.

Ndogo si nyepesi

Kuhusu namna ya bastola, tumewauliza wenye ujuzi, kwani Qur'ani imetuelekeza kuwauliza wanaojua. Walilosema wote ni kwamba watu wengi huiona bastola ndogo kuwa ni ya wanaoanza, na ukweli ni kinyume chake. Mtutu wake mfupi na alama zake za kulengea zilizokaribiana hufanya kosa dogo la mkono kuwa kosa kubwa kwenye shabaha. Kwa kuwa ni nyepesi, hupiga teke kwa nguvu, na kishikio chake huwa hakijazi vidole vyote. Aliyezoea bastola ya kawaida akishika ndogo siku ya taharuki, mkono hutetemeka na risasi huenda pasipokusudiwa.

Kwa hivyo yule ambaye kazi yake inamlazimu kweli, na serikali imemruhusu, azingatie haya:

1. Iwe ni silaha anayoweza kulenga nayo, na amethibitisha hayo kwa kufanya mazoezi mahali palipoidhinishwa chini ya mwalimu. Asichague kwa kuangalia udogo wala bei.

2. Isijifyatue ikianguka. Baadhi ya bastola za zamani hazina kinga hiyo ikiwa risasi imo ndani ya mtutu, na katika rivolva za kizamani nyundo hukaa juu ya risasi. Asinunue kitu kilichopita mikono mingi bila ya fundi anayetambuliwa kukikagua.

3. Iwe na ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Bastola isitiwe wazi mfukoni pamoja na funguo na simu. Mfuko wa kanzu haufai kabisa: huning'inia, huonyesha umbo, na mtu akirukuu au akisujudu hutoka.

4. Aulize ala hiyo imetengenezwa kwa ngozi ya nini. Ngozi ya nguruwe kwa madhehebu yetu haitwahariki hata ikitiwa dawa, na aliyeibeba katika Swala, Swala yake haisihi. Ngozi ya ng'ombe au mbuzi iliyotengenezwa, na plastiki, hazina tatizo.

5. Risasi zake zipatikane kwa njia halali. Silaha inayomlazimisha mtu kutafuta risasi kichochoroni imekwisha kumtia katika haramu.

Sokoni na msikitini

Mtume (S.A.W.) ametaja sehemu mbili hizi hizi kwa majina. Katika hadithi ya Abu Musa (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, amemwamrisha anayepita na mishale msikitini au sokoni aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Tafakari: mshale ambao haujapachikwa kwenye upinde umewekewa sharti. Itakuwaje bastola iliyojazwa risasi, katika soko la meza za mbao na mabati, mama yuko upande wa pili wa ubao anapanga nyanya na mtoto mgongoni? Ubao na bati havizuii risasi.

Akimlenga mwizi na ikampata mpita njia, hayo ni mauaji ya makosa. Qur'ani katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, imeweka juu yake diya kwa warithi wa aliyeuawa, na kafara ya kumwacha huru mtumwa Muislamu. Asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo. Uliyekusudia kulinda mfuko wa fedha, umelala ukiwa na deni la roho ya mtu. Jambo hili ni zito, na kutokukusudia hakulifuti.

Pia ni haramu kuitoa kwa mzaha au kwa kujionyesha. Imepokewa katika Sahihi mbili katazo la kumwelekezea ndugu yako silaha, kwa sababu hujui, huenda shetani akauchezea mkono wako. Na Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea katazo la kumpa mtu upanga ukiwa nje ya ala yake. Wanaopitishiana bastola barazani "hebu niione" wajue kuwa jambo lao limekwisha kutajwa.

Bukhari amesimulia pia kwamba Ibn Umar (R.A.) alichomwa mguuni kwa ncha ya mkuki katika msongamano wa Mina, na Hajjaj alipokuja kumtazama, Ibn Umar alimlaumu kwa kuruhusu silaha zichukuliwe siku na mahali zisipokuwa zikichukuliwa. Kwa hivyo tunasema: anayeweza kwenda Swala ya Ijumaa au ya Idi bila ya silaha, na aende bila ya silaha. Na aliyekuwa hana budi, isimtoke mwilini, isionekane, na asiiache pamoja na viatu wala ndani ya gari.

Nyumbani, ambako khatari ni kubwa zaidi

Kijana wetu ametaja mke na watoto. Bastola ya kiganjani inaingia chini ya mto, ndani ya mkoba, juu ya kabati la nguo, na mahali popote inapoingia mkono wa mtoto hufika. Mtoto anayoiona ndogo huidhania ya kuchezea. Nyumba zetu za visiwani si za mtu na mkewe peke yao. Kuna wapwa, watoto wa jirani wanaokuja kusoma, na siku za sikukuu nyumba hujaa.

Mwenye bastola mbili ana tatizo jengine: akibeba moja, nani anailinda ya pili? Na akirudi Pemba, zote mbili anaziacha kwa nani? Leseni aliyopewa akiwa Bara asiifanye ndiyo ruhusa ya kupanda nayo boti. Aulize Jeshi la Polisi kabla ya safari, na apate jibu la maandishi.

Silaha ikiwa haibebwi, ifungwe ndani ya sanduku la chuma lililofungwa ukutani au sakafuni, ikiwa tupu, na risasi zifungiwe mahali pengine kwa ufunguo mwengine. Mke ajue kuwa ipo. Kumficha mke jambo linaloweza kuwaua watoto wake si katika kukaa naye kwa wema.

Na kuna jambo ambalo wanaume hawapendi kulisikia. Mwezi Mei 2022, jijini Mwanza, mume alimuua mkewe kwa risasi, nchi nzima ikasikitika. Silaha haimjui mwizi wala mke. Inaujua mkono tu. Mtume (S.A.W.) alimuusia mtu na kumrudilia kwamba asighadhibike. Mwenye hasira za haraka, mwenye ugomvi wa nyumbani usiokwisha, mwenye wivu uliomshinda, na mwenye huzuni inayomfanya atamani kufa, hawa hukumu yao ni moja: wasiwe na silaha karibu yao, hata moja, hata kama wana leseni. Na aliyenayo aipeleke kituo cha polisi leo. Mke, mzazi au ndugu akiona dalili hizo na akatoa taarifa, hajamfitini mtu. Ameokoa roho.

Sheria ya nchi

Kumtii mwenye mamlaka katika jambo lenye maslaha na lisilokuwa na maasi ni wajibu. Silaha za raia Bara zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015. Maombi ya leseni huanzia serikali ya mtaa, ambako watu wanamjua mwombaji na tabia zake, yakapanda hadi wilaya, mkoa na Jeshi la Polisi. Wanaoiona njia hiyo kuwa ni usumbufu wafahamu kuwa majirani kuulizwa juu ya mtu ni ushahidi, na ushahidi ni katika dini yetu.

Leseni ni ya mtu maalumu na silaha maalumu. Leseni ya bastola ya kwanza haiifuniki ya pili, na wala haiazimwi kwa mdogo wako anayekaa dukani. Leseni hairithiwi pia. Mwenye silaha akifariki, bastola ni mali katika mirathi, lakini warithi hawana ruhusa ya kukaa nayo: waipeleke polisi, na ikiuzwa kwa njia ya sheria, thamani yake igawanywe kwa mafungu ya Qur'ani.

Ama kutumia nguvu, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika vifungu vya 18 hadi 18C, imempa mtu haki ya kujitetea na kutetea mali, kwa sharti la kutumia nguvu ya kiasi kinachohitajika. Msomaji ataona jinsi inavyokaribiana na ngazi ya Imamu Nawawi. Kumpiga risasi mwizi aliyekwisha kugeuza mgongo akakimbia hakumo katika kujihami.

Na aliye na silaha bila ya kibali, mlango upo. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, na Polisi nchini hutangaza vipindi vya kusalimisha. Tangazo likitoka, msilale.

Akiba iliyo bora

Turudi kwa kijana wetu wa Soweto. Kinachomtia khofu ni fedha taslimu, basi aanze kwa kuzipunguza. Malipo makubwa ayapitishe benki, na zipo huduma zinazoendeshwa bila ya riba: PBZ ina kitengo cha Kiislamu, Amana Bank inafanya kazi toka mwaka 2011, na CRDB ina huduma ya Al Barakah. Malipo madogo ayafanye kwa simu. Mkulima wa Kyela aliyezoea noti huenda akakataa mara ya kwanza. Akilipiwa gharama ya kutolea, mara nyingi hukubali. Gharama hiyo ni ndogo kuliko bei ya bastola.

Pili, abadilishe saa na njia, asiende benki peke yake, na biashara yake asiitangaze kwenye vijiwe. Tatu, ajiunge na wafanyabiashara wenzake katika kulipia mlinzi na taa za eneo lao. Nne, ajenge ujirani: msikiti wa mtaa wake umjue, mwenyekiti wa serikali ya mtaa amjue, mama lishe wa jirani amjue. Mgeni anayejulikana ana macho mengi yanayomlinda. Tano, asiache nyiradi za asubuhi na jioni, kwani Mlinzi wa kweli ni Allah (S.W.), nasi tumeamrishwa tumfunge ngamia kisha tutawakali.

Hivi ndivyo vidaraja vya chini vya ngazi. Akivijaza vyote, na bado polisi na wenye ujuzi wanaomjua wakaona kuwa kazi yake inahitaji silaha, bastola moja aliyoizoea, iliyokaguliwa na kutunzwa vizuri, inamtosha. Kanuni ya fiqhi inasema kuondosha madhara kunatangulizwa mbele ya kuleta manufaa, na hapa madhara yanaonekana kwa macho.

Mwanetu, mali ikipotea hupatikana nyengine. Watoto wa Wete wanakungoja wewe, na hawana habari ya magunia.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi wasafiri wetu walio Mbeya na kwengineko, azihifadhi nyumba zetu, na aizuie mikono yetu isimwage damu isiyo haki. Na Allah Anajua zaidi.